Siku Taisto Alipolikata Bwawa

Watu wa Lamminkylä si wasemaji. Huko mtu hukaa jikoni kwa jirani yake saa nzima, wakanywa kahawa, wakatazama theluji dirishani, kisha mgeni akainuka akasema "Haya basi," na wote wawili wakaona maongezi yalikuwa mazuri sana. Ukiuliza swali dukani, jibu unaweza kulipata wiki ijayo. Lakini hata katika kijiji cha namna hiyo, Taisto Kemppainen alikuwa amepitiliza. Alikuwa kapera mkongwe, amestaafu kazi ya kuendesha mashine za kukatia miti msituni, na huko msituni hakuna aliyewahi kumdai maneno. Dada yake Irja, ambaye Mungu alimpa mgawo wa maneno wa ukoo mzima, alimwita domo zege, tena mbele za watu.

Na domo hilo la zege ndilo lililokuwa likimtesa, kwa sababu Taisto alimpenda Aune Moilanen.

Aune alikaa ng'ambo ya bwawa, nyumba ya mwisho barabarani. Alikuwa mpishi wa shule mpaka shule yenyewe ilipofungwa kwa kukosa watoto, mjane wa miaka mingi, mwenye kicheko cha ghafla kilichomfanya Taisto asahau alichofuata. Miaka yote hiyo Taisto hakumwambia neno. Hakuona haraka ya nini. Aune alikuwa pale ng'ambo, bomba lake la moshi lilionekana vizuri kutoka dirishani, na mambo yalikwenda salama. Halafu Februari ile habari ikapita dukani: Aune anahamia mjini Oulu, kwa binti yake Päivi. Päivi angekuja na gari la mizigo siku ya Jumatatu, kesho yake baada ya Laskiainen, ile Jumapili ya kabla ya Kwaresima ambayo kijiji kizima hushuka bwawani kuteleza kwenye barafu na kunywa supu ya njegere.

Taisto alirudi nyumbani bila maziwa aliyokuwa ameyafuata.

"Kwa hiyo utamwacha aende zake?" Irja alimuuliza jioni hiyo, hata kofia hajavua.

"Anajua," Taisto akasema.

"Anajua nini?"

Taisto akatazama buti zake. "Theluji."

Irja alielewa, maana alikuwa amemzoea. Kila theluji ilipoanguka usiku, Taisto aliamka alfajiri akawasha trekta, akalizunguka bwawa, akausafisha uwanja wa Aune kuanzia barabarani hadi kwenye ngazi za mlango, kisha akarudi zake kabla mwenye nyumba hajaamka. Amefanya hivyo majira mengi ya baridi. Kwa akili yake, hapo alikuwa ameshasema yote. Mwanamke ambaye hajakataa kusafishiwa uwanja, maana yake amekubali, na kilichobaki ni muda tu.

"Kaka, hakuna mwanamke aliyewahi kuposwa na trekta," Irja akasema. "Nenda kwake ukafunguke."

"Jikoni kwake haiwezekani. Kila nikitaka kusema, anainuka kuongeza kahawa."

"Basi mpigie simu."

Taisto akamtazama kana kwamba ameambiwa avue suruali kanisani.

Ukweli ni kwamba alishawahi kusema maneno mengi mara moja maishani. Ilikuwa siku waliyomzika mama yao. Walirudi kwa trekta, yeye na Irja bega kwa bega, wote macho mbele, barabara inapita, hakuna anayemtazama mwenzake usoni, na maneno yakamtoka yenyewe mpaka wakafika nyumbani. Sasa, Irja alipokwisha kuondoka, Taisto alikaa akalifikiria jambo hilo. Alihitaji kitu kinachokwenda, chenye viti viwili vinavyotazama upande mmoja, na pasiwe na birika la kahawa karibu. Trekta lake lilikuwa na kiti kimoja tu siku hizi. Akatazama nje. Lilikuwepo bwawa.

Kesho yake alishuka na keekee ya barafu, msumeno wa injini na kamba ndefu. Alitoboa tundu katikati ya bwawa, akashindilia nguzo mpaka ikazama kwenye tope chini, akafunga kamba kwenye nguzo na kuzunguka nayo akimwaga majivu, hata likatokea duara pana kama uwanja wa kanisa. Kisha akaanza kukata. Msumeno aliutia mafuta ya kupikia badala ya oili, kwa sababu maji ya bwawa lile ndiyo kijiji kinayochemshia kahawa. Alikata duara la nje, akakata na la ndani yake, akawa anavuta barafu iliyo katikati ya mikato ile, pande moja baada ya jingine, huku jasho linamtoka na ndevu zimeganda.

Wanaume wakaanza kufika. Hawakuitwa, na hawakuuliza. Walisimama wakatazama kwa muda ambao adabu inautaka, halafu Reijo, mwenyekiti wa kamati ya barabara, mtu wa kitambi na cheo, akaona ni jukumu lake kuhoji.

"Hii nini?"

"Gurudumu."

Reijo akafikiri. "La nini?"

"La kuzunguka."

"Aa," akasema Reijo, akaenda kuchukua msumeno wake.

Hapo ndipo kazi ilipoharibika kidogo. Kila mwanaume wa Lamminkylä ana msumeno, na kila mmoja anaamini mwenzake hajui kukata mstari ulionyooka. Huyu akanyoosha alipopinda yule, yule akaja kumnyoosha huyu, na walipomaliza kunyooshana mfereji wa maji ulikuwa umepanuka mpaka mtu asingeweza kuuruka. Ikabidi utafutwe ubao mrefu wa kuvukia. Taisto hakulalamika. Alitoboa shimo karibu na ukingo wa gurudumu, akaitumbukiza injini yake kuukuu ya boti, akavuta kamba ya kuwashia. Sakafu nzima ya barafu, yenye uzito wa malori kadhaa, ikaanza kuzunguka pole pole juu ya maji meusi.

Wanaume wakatazama kimya. "Inazunguka," mmoja akasema mwishowe, na kwa huko hiyo ilikuwa hotuba.

Jumapili kijiji kizima kilikuwa ukingoni. Irja alisimamia sufuria ya supu, soseji zilichomwa kwenye moto, maandazi ya krimu yalipangwa mezani na watu walikuwa na krimu mpaka puani. Gurudumu lilingoja, lina viti viwili vyenye ngozi za kondoo, vimetazama nje, bega kwa bega. Kila mtu alitaka kupanda, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna aliyesogea. Kuwa wa kwanza ni kujionyesha, na kujionyesha kijijini hapo ni kosa linalokumbukwa hadi kwa wajukuu.

"Aune!" Irja akaita kwa sauti ya kukoroga supu na mambo mengine. "Wewe kesho unaondoka. Nani atakucheka?"

"Kweli," Aune akasema. "Na nikizama, mizigo nimeshafunga."

Akacheka kile kicheko chake, akavuka ubao. Taisto akavuka nyuma yake. Ubao ukavutwa. Aune akakaa, akajifunika ngozi. Taisto akaiwasha injini, akaishika handeli ya kuongeza kasi aongeze kidogo tu, mwendo wa heshima. Chuma kilikuwa kimekula baridi usiku kucha. Kikazunguka mpaka mwisho, kikakatika, na Taisto akabaki na handeli kwenye glavu. Injini ikanguruma kwa nguvu zake zote.

"Imekuwaje?" Aune akapiga kelele.

Taisto akamwonyesha handeli.

"Sasa tunasimamaje?"

Injini ile ilikuwa na koki ya mafuta pembeni. Ukiifunga, inazima, na Taisto alikuwa ameifunga na kuifungua kila kiangazi tangu ujana. Akaitazama koki. Akamtazama Aune.

"Mpaka mafuta yaishe!" akajibu, akaenda kukaa.

Hapo tayari alikuwa amesema uongo, jambo ambalo hakulizoea. Lakini mambo yote yalikuwa kama alivyopanga. Macho mbele, miti inapita, hakuna birika. Kitu kimoja tu hakukipigia hesabu: kelele. Kwenye trekta mtu huongea na mtu aliye sikioni. Hapa injini ilikuwa mgongoni mwao ikilia kama imeibiwa.

"Aune," akasema.

"Nini?"

"Nilikuwa nataka..."

"Sikusikii!"

Taisto akavuta pumzi. Katika maisha yake hakuwahi kupaza sauti, hata mti ulipomwangukia mguuni. "NASEMA KUNA NENO NATAKA KUKWAMBIA!"

Walikuwa wanapita mbele ya watu wakati huo huo. Vijiko vikasimama. Sasa, watu wa Lamminkylä wana adabu yao: ukijikuta unasikia jambo lisilokuhusu, unageuka na kutazama msitu. Kijiji kizima kikageuka, migongo kwa bwawa, kikatazama misonobari kwa makini. Lakini vile vifuniko vya masikio kwenye kofia zao vilikuwa vimepandishwa juu, vyote, kwenye baridi ya kupasua mawe.

"Sema basi!" Aune akapiga kelele.

"USIENDE OULU!"

"Kwa nini?"

Hilo Taisto hakulitegemea. Alidhani akishafika kwenye Oulu, mengine yatajisema. "Kwani hujui?"

"Nijue nini?"

"Theluji!"

"Theluji gani, jirani? Umepata homa?"

"Ya uwanjani kwako! Mimi ndiye ninayeisafisha!"

Aune akageuka mzima mzima kwenye kiti. "Wewe? Si kamati ya barabara?"

"Kamati?"

"Kamati! Greda lao linasafisha barabara mpaka kwangu, nikajua na uwanja wanaumalizia! Taisto, kila Krismasi nampelekea Reijo mkate wa iliki! Mkubwa! Wa kusuka! Wa kumshukuru!"

Gurudumu lilikuwa linarudi upande wa watu. Mgongo wa Reijo ulionekana miongoni mwa migongo mingine, ukijaribu kuwa mdogo.

"REIJO!" Aune akaita. "Nani anasafisha uwanja wangu?"

Mwenyekiti wa kamati aligeuka pole pole, krimu puani. "Taisto," akasema.

"Na mikate yangu je?"

Lakini gurudumu halimsubiri mtu. Liliwachukua, likawapeleka ng'ambo kule kwenye matete, na Reijo akabaki ukingoni na swali lake mkononi, mkewe amesimama kando anamtazama. Alikuwa na mzunguko mzima wa kutafuta jibu. Waliporudi, alikuwa tayari.

"Hukusema ya nini! Ulisema 'Asante kwa yote'!"

"Na wewe ukadhani ni kwa yapi?"

Wakapita tena. Kwenye matete Aune alikuwa ameshika mikono ya kiti kwa hasira, na mambo yalikuwa yamemtoka Taisto mikononi, yanaendeshwa na wengine. Waliporudi, Reijo alikuwa anasoma theluji iliyo miguuni mwake. Mkewe ndiye aliyejibu.

"Alidhani unamtaka!" yule mama akapaza sauti. "Na mimi nikadhani hivyo hivyo! Unafikiri kwa nini sikusalimii?"

"Mimi? Nimtake Reijo?"

"Na mkate tulikuwa tunaula!" mama akaongeza, akiwa ameamua kumaliza yote siku hiyo. "Mtamu sana! Nilikuwa nalia huku nakula!"

Aune akaachia kicheko kilichosikika mpaka ng'ambo ya msitu, akacheka mpaka akajipangusa machozi yasimgande mashavuni. Taisto naye akaanza kutabasamu. Akatabasamu mapema.

"Na wewe je!" Aune akamgeukia. "Miaka yote hiyo umenyamaza! Unakuja gizani kama mwizi, unaondoka kama mwizi! Ningejuaje? Ningenusa?"

"Nilidhani trekta linasikika."

"Mimi nalalia sikio lile zima, Taisto! Jingine halisikii tangu zamani! Si kijiji kizima kinajua?"

Taisto hakujua. Miaka yote amemtazama mwanamke huyu, na hilo hakulijua. Akaona aibu, aibu ya kweli, si ile ya kujionyesha. Injini iliendelea kulia. Aune akainama karibu, sikio zima likiwa upande wa Taisto, akasema bila kupiga kelele.

"Unajua kwa nini nahama? Siipendi Oulu. Kule ni lifti na kelele. Ila majira haya ya baridi nilijikwaa jikoni asubuhi, nikakaa pale sakafuni nikajiuliza: nisipoinuka, nani atajua? Nikamtafuta mtu mmoja. Sikumpata."

Taisto akasahau kijiji. Akasahau na adabu.

"MIMI!" akapiga kelele, akasimama kabisa, gurudumu linazunguka chini ya buti zake. "Mimi nitajua! Kila asubuhi natazama bomba lako! Moshi usipotoka siwezi kula uji, nasimama nao dirishani mpaka unapoa! Mwaka jana ulipolala kwa Päivi bila kuaga, nilikuja mlangoni kwako, nikagonga, nikachungulia kila dirisha, nikakaa kwenye ngazi mpaka giza likaingia! Nilidhani umekufa! Nilikaa pale nikalia, Aune, na sikumwambia mtu!"

Ukingoni hakukuwa na hata mmoja aliyebaki anatazama msitu. Kijiji kizima kilikuwa kimegeuka, wamesimama wazi wazi, midomo wazi. Irja alikuwa analia juu ya sufuria na bado anakoroga, supu ikizidi chumvi. Reijo alikuwa amevua kofia, hakujua kwa nini.

Ndipo mafuta yakaisha. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza, na ukimya ulioshuka juu ya bwawa ulikuwa mkubwa kuliko kelele. Gurudumu halikusimama mara moja. Kitu kizito namna ile hakisimami kwa kuambiwa. Liliendelea kwenda lenyewe, likipunguza mwendo kidogo kidogo, maji yakilamba kingo zake. Taisto akakaa. Koo lilikuwa linamuuma, na maneno yalikuwa yamebaki machache tu.

"Baki," akasema kwa sauti yake ya siku zote. "Baki hapa. Na mimi."

Aune hakujibu. Wakapita mbele ya watu pole pole, na hapo hapo, mbele ya soseji na maandazi na kijiji kizima kilichoshika pumzi, Aune aliendelea kutojibu. Gurudumu likawapeleka mpaka kwenye matete, likayumba, likasimama, mbali kabisa na ubao.

"Päivi ameshaomba ruhusa kazini," Aune akasema. "Ameazima gari. Kesho asubuhi yuko hapa."

"Ndiyo."

"Atawaka."

"Ndiyo."

"Mimi simwambii. Utamwambia wewe."

Taisto alichukua muda kuelewa. Alipoelewa, joto lilimpanda kutoka miguuni mpaka kwenye kofia, na nyuma yake ikaja hofu. Päivi alikuwa mwanasheria.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba mama yake haendi. Na sababu yake. Haya haya uliyokuwa unanipigia kelele."

"Jikoni?"

"Jikoni."

"Na nikikwama?"

"Nitakuwa nimekaa pembeni yako, hivi hivi," Aune akasema. "Na kahawa siinuki kumimina." Akaivuta ngozi ya kondoo ikawafunika magoti wote wawili, akauacha mkono wake juu ya mkono wa Taisto.

Ukingoni Irja alikuwa amefika mwisho wa uvumilivu, mwiko juu hewani.

"Jamani, kasemaje?" akapaza sauti. "Taisto! Kasemaje? Huku hatusikii!"

Taisto alimsikia vizuri sana. Akaona hilo moja wacha abaki nalo kwanza mwenyewe.